Kumbukumbu za bodi ya chuo kikongwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoomba kusoma kumbukumbu za bodi ya chuo ni watu wa namna nyingi: mwanafunzi anayeandika tasnifu, mjukuu anayetafuta habari za babu, wakili mwenye kesi ya kiwanja, mwalimu mstaafu anayetaka kujua kwa nini idara yake ilifungwa. Maswali yao hufanana kuliko wanavyodhani. Majibu yaliyo hapa yanamfaa yeyote atakayefungua mafaili ya namna hii kwa mara ya kwanza, popote alipo.

Kumbukumbu za bodi ni zipi hasa?

Wengi hufikiria mihtasari ya vikao tu. Mihtasari ndiyo uti wa mgongo, lakini kandokando yake kuna mambo mengi: hati iliyoanzisha chuo na marekebisho yake, kanuni za bodi, ajenda, makabrasha waliyogawiwa wajumbe kabla ya kikao, taarifa za kamati ndogo (fedha, majengo, ajira), barua za katibu na mwenyekiti, leja za mweka hazina, hati za viwanja, wosia na mikataba ya wakfu, michoro ya majengo, na wakati mwingine picha za wajumbe wamekaa mbele ya jengo jipya.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, kwa sababu majibu mengi yaliyo hapa chini yanalitegemea. Ukikabidhiwa daftari la mihtasari, hujapewa historia ya chuo. Umepewa yale ambayo wajumbe walikubaliana yaandikwe. Mambo mengine utayakuta kwenye makabrasha, barua na leja, na msomaji anayeishia kwenye daftari hupata nusu ya habari huku akiamini amepata yote.

Bodi ya wadhamini, baraza la chuo, bodi ya magavana: ni kitu kimoja?

Hapana, na si ajabu chuo kimoja kuwa na vyombo viwili kwa wakati mmoja. Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilipata bodi ya waangalizi mwaka 1642, kisha hati ya mwaka 1650 ikaunda chombo kingine cha watu saba: rais wa chuo, wanazuoni watano na mweka hazina. Vyote viwili vinaendelea hadi leo, kila kimoja na kumbukumbu zake. Kabla ya kuagiza boksi lolote, tafuta hati ya kuanzisha chuo ujue nani alikuwa na mamlaka ya kuamua na nani alikuwa na mamlaka ya kuridhia tu. Utajiokolea siku nyingi.

Babu yangu alisoma hapo. Nitalikuta jina lake?

Kwenye mihtasari, kwa kawaida hapana. Bodi hujadili fedha, majengo, uteuzi na nidhamu ya wakubwa. Mwanafunzi huingia kwenye daftari la bodi akiwa amepata ufadhili uliohitaji idhini, amefukuzwa akakata rufaa, au ametunukiwa shahada katika kikao kilichopitisha orodha ya wahitimu. Anza na rejista za udahili, orodha za wahitimu na vitabu vya ada. Ukishajua mwaka wake, rudi kwenye mihtasari ya mwaka huo usome ada ilikuwa kiasi gani, bweni lilikuwa na hali gani, na nani alikuwa mkuu wa chuo. Hapo utamwona babu yako akiwa chuoni hata kama jina lake halikutajwa.

Muhtasari unasema "suala lilijadiliwa kwa kirefu, ikaamuliwa hivi". Mjadala wenyewe uko wapi?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalowakatisha watu tamaa. Katibu mzuri wa bodi huandika uamuzi na kuacha ubishi. Hafanyi hivyo kwa hila. Wajumbe wanataka wazungumze kwa uhuru bila kunukuliwa, na muhtasari utasainiwa na mwenyekiti katika kikao kitakachofuata, mbele ya wale wale waliobishana. Lugha yake hulainishwa mpaka kila mmoja aikubali.

Mfano mmoja ni wa Oberlin, chuo cha Ohio, Marekani. Februari 1835 wadhamini wake walikabiliwa na swali lililowagawa vibaya: je, wanafunzi weusi wapokelewe? Kura zilifungana, na mwenyekiti John Keep ndiye aliyepiga kura ya kuamua. Azimio lililopitishwa, hata hivyo, lilitamka kwa maneno ya jumla kwamba elimu ya watu weusi ni jambo lenye uzito mkubwa na inapaswa kutiwa moyo na kuendelezwa chuoni hapo. Ukilisoma azimio hilo peke yake, unaweza kulipita kama tamko la heri. Ukilisoma pamoja na barua za watu waliohusika, unaona mlango ukifunguliwa kwa nguvu na upande mmoja ukishindwa kwa kura moja.

Kwa hiyo, mkitafuta mjadala, tafuteni sehemu nne. Kwanza, rasimu ya muhtasari: mara nyingi katibu aliihifadhi, na yaliyofutwa kwa kalamu ndiyo yenye utamu. Pili, makabrasha ya kikao, hasa yenye maandishi ya penseli pembeni. Tatu, barua za wajumbe, ambazo mara nyingi zimehifadhiwa kwa jina la familia zao na hazimo kwenye mkusanyo wa chuo. Nne, magazeti ya wiki ileile.

Tena kuna kipengele ambacho wasomaji wengi hukirusha: "yatokanayo na kikao kilichopita". Mimi hukisoma kabla ya kingine chochote. Azimio la kujenga maktaba linaweza kupitishwa kwa shangwe mwezi Machi; yatokanayo ya Juni, Septemba na Desemba ndiyo yatakayokwambia kama jiwe hata moja liliwekwa. Angalia pia nani alihudhuria na nani alitoa udhuru. Mjumbe asiyekosa kikao kwa miaka, kisha akatoa udhuru siku ya kura ngumu, amesema jambo.

Mihtasari ni mingi mno. Nianzie wapi?

Omba orodha ya mkusanyo kabla ya kuomba boksi. Hifadhi nyingi hupanga nyaraka kwa kufuata chombo kilichozitengeneza na mpangilio ule ule kilichoutumia, utaratibu uliotiwa nguvu Ufaransa mwaka 1841 na kufafanuliwa kwa kina na wahifadhi watatu wa Uholanzi katika mwongozo wa mwaka 1898. Maana yake kwako ni kwamba nyaraka hazijapangwa kwa mada. Hutakuta jalada lenye jina "ubaguzi" au "migomo". Utakuta jalada la kamati ya fedha, na mgomo umo ndani yake kwa sababu mgomo uligharimu fedha.

Jiulize basi: suala langu lingefika mezani kwa nani? Kisha fuata kamati hiyo. Madaftari mengi pia yana faharasa mwishoni, iliyoandikwa na katibu kwa mkono. Itazame, ila usiitegemee peke yake. Katibu aliweka yaliyomhusu yeye.

Nyaraka hizi ni mali ya nani? Katibu wa zamani anaweza kuondoka nazo?

Kesi mojawapo mashuhuri zaidi katika sheria ya Marekani ilianza kwa swali hilihili. Chuo cha Dartmouth kilikuwa na hati ya mwaka 1769 iliyowapa madaraka wadhamini kumi na wawili. Mwaka 1816 bunge la jimbo la New Hampshire lilipitisha sheria ya kuibadilisha hati hiyo: chuo kiitwe chuo kikuu, idadi ya wadhamini ipande hadi 21, na juu yao kuwe na bodi ya waangalizi. Wadhamini wa zamani walikataa. Katibu na mweka hazina wao, William Woodward, alikwenda upande wa serikali, akabaki na hati ya awali, mhuri, daftari la kumbukumbu na vitabu vya hesabu.

Wadhamini walimshtaki Woodward wakidai vitu hivyo. Mahakama ya jimbo iliamua dhidi yao mwaka 1817. Woodward alifariki mwaka 1818 kesi ikiwa bado haijaisha. Mwezi Februari 1819 Mahakama Kuu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, iliwapa ushindi wadhamini, baada ya wakili Daniel Webster kuwatetea. Hukumu hiyo hufundishwa kama hukumu kuhusu mikataba, maana ilitamka kwamba hati ya chuo ni mkataba ambao jimbo haliwezi kuuvunja kwa sheria. Lakini kilichodaiwa mahakamani kilikuwa madaftari na mhuri. Aliyeshika daftari la bodi ndiye aliyeonekana kuwa bodi.

Kanuni ya leo ni nyepesi: kilichoandikwa na katibu akiwa kazini ni mali ya chuo, hata kama kilikaa sebuleni kwake miaka mingi. Barua zake binafsi ni zake. Ugumu upo katikati, kwenye barua iliyoandikwa kwa mwenyekiti ambaye pia ni rafiki, na hapo mazungumzo ya upole na familia huzaa matunda kuliko wakili.

Chuo kiko Afrika, mbona nyaraka zake ziko Uingereza?

Kwa sababu waliotoa maamuzi walikaa huko, au nakala ililazimika kutumwa huko. Fourah Bay cha Freetown, Sierra Leone, kilianzishwa mwaka 1827 na shirika la kimisionari la Church Missionary Society, na Samuel Ajayi Crowther alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo kabisa. Kamati iliyotoa fedha na kuteua wakuu ilikuwa London. Nyaraka za shirika hilo leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwaka 1876 chuo kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Durham, hivyo mambo ya shahada yana njia yake nyingine.

Makerere nacho, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kuanzia mwaka 1949 kilikuwa katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichotoa shahada. Kisha kati ya 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo suala moja la miaka hiyo linaweza kuwa na jalada Kampala, jalada kwa chombo cha pamoja, na barua za wizara ya makoloni zilizoko Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza.

Inauma kwamba mtafiti wa Freetown au Kampala apande ndege kusoma habari za chuo cha kwao. Nakala za kidijitali zinapunguza maumivu hayo, haziyamalizi. Kabla ya kupanga safari, andika barua kwa hifadhi uulize ni majalada gani tayari yamepigwa picha, na kama kuna filamu ndogo (microfilm) zilizorudishwa nchini.

Kwa nini miaka fulani imefungwa?

Kulinda watu walio hai na kuwapa viongozi nafasi ya kuzungumza bila hofu. Kila chuo kina muda wake. Harvard, kwa mfano, hufunga nyaraka zake za utawala kwa miaka 50 tangu zilipoandikwa, na zinazohusu wanafunzi na mtu mmojammoja kwa miaka 80. Sehemu nyingine muda ni mfupi zaidi. Kama jalada unalolitaka lina miaka 49, subira ni nafuu kuliko ugomvi. Kama una sababu nzito, omba ruhusa kwa maandishi, ukitaja namba ya jalada na unachokitafuta. Ombi la "nyaraka zote za mgomo" hukataliwa. Ombi la taarifa fulani ya kamati fulani huzingatiwa.

Tarehe imeandikwa 1701/2. Ni mwaka gani?

Ni 1702 kwa hesabu ya sasa. Uingereza na makoloni yake walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752. Kikao cha Februari, kwa hesabu yao, kilikuwa bado ndani ya mwaka uliotangulia, na makatibu waangalifu waliandika miaka yote miwili. Wasiokuwa waangalifu waliandika mmoja, na hapo unaweza kudhani uamuzi ulitangulia kikao kilichouzaa. Mwaka huohuo wa 1752, tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14, kwa hiyo usitafute vikao vya siku zilizo katikati.

Mwandiko siusomi kabisa.

Usianze na ukurasa mgumu. Tafuta ukurasa wenye maneno unayoyajua tayari: orodha ya waliohudhuria, sala ya kufungua, maneno ya kuthibitisha muhtasari. Maneno hayo hurudiwa kila kikao, na kwayo utajifunza herufi za katibu huyo. Akibadilika katibu, anza upya. Programu za kusoma mwandiko wa mkono, kama Transkribus, zimekuwa msaada mkubwa, ila hukosea zaidi kwenye majina ya watu na tarakimu, yaani mahali penyewe unapohitaji uhakika.

Kwa nini daftari la 1750 ni imara na la 1890 linavunjika mkononi?

Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, yenye nyuzi ndefu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda viligeukia miti, na karatasi ya miti iliyotengenezwa kwa dawa zenye asidi hujila yenyewe: huwa ya kahawia, kisha hukatika kila inapokunjwa. Daftari la zamani nalo lina adui wake, wino wa chuma na vinundu vya mti wa mwaloni, ambao ukichanganywa vibaya hutoboa karatasi kwa kufuata mistari ya maandishi. Nakala za barua zilizokandamizwa kwenye karatasi laini kwa mashine aliyoipatia hataza (haki ya mvumbuzi) James Watt mwaka 1780 hufifia kwa mwanga. Ndiyo maana utaambiwa utumie penseli, uweke daftari juu ya mto, na ufunue ukurasa kwa kushika pembe ya juu. Watumishi wa chumba cha kusomea hawakusumbui bure.

Kuna pengo la miaka. Je, kuna mtu aliyeficha kitu?

Mara chache. Tuhumu moto, maji, vita na kuhama ofisi kabla ya kumtuhumu mtu. Jengo kuu la Chuo cha William and Mary, Virginia, kilichopata hati mwaka 1693, liliungua mwaka 1705, tena 1859, tena 1862 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jengo la Harvard lililokuwa na maktaba liliteketea usiku mmoja wa Januari 1764. Nassau Hall ya Princeton iliungua 1802 na 1855.

Pengo huzibwa kutoka nje. Bodi iliandikia watu: serikali, kanisa, benki, wajenzi, vyuo vingine. Nakala iliyoungua kwako imesalia kwao. Leja za benki zitakuonyesha malipo, na malipo yatakuonyesha uamuzi. Ila ukikuta kurasa zilizokatwa kwa wembe, namba za kurasa zikiruka na mshono ukiwa mzima, hapo mwite mhifadhi umwonyeshe, na uandike jambo hilo kwenye kazi yako.

Nimekuta jambo la aibu. Nifanyeje?

Liandike, pamoja na namba ya jalada. Vyuo vikongwe vingi vilijengwa kwa fedha na mikono ya watu walionyimwa uhuru, na kumbukumbu za bodi na leja zake ndizo zilizothibitisha. Chuo Kikuu cha Brown, chini ya rais wake Ruth Simmons, kiliunda kamati mwaka 2003 kuchunguza uhusiano wake na utumwa, na taarifa ikatoka 2006. Hesabu za ujenzi wa jengo lake la kwanza, lililoanza 1770, zilionyesha kazi ya watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1838 Wajesuiti (shirika la kitawa la Kikatoliki) wa Maryland waliwauza watu 272 kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha hiyo ilikwenda kulipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Nyaraka za mauzo hayo, pamoja na majina, zimewekwa mtandaoni, na vizazi vya watu hao wamewapata mababu zao humo.

Ninachokuomba ni kwamba utaje majina ya watu hao, si idadi peke yake. Mweka hazina aliyaandika ili kulinda mali. Wewe unayaandika ili watu waonekane. Na usimtoe mtu kwenye leja ukamfanya mfano wa hoja yako bila kueleza alikuwa nani, kama leja inasema.

Naruhusiwa kupiga picha na kuchapisha?

Kupiga picha bila mwanga wa kamera huruhusiwa sehemu nyingi. Kuchapisha ni jambo jingine. Hakimiliki ya barua hubaki kwa mwandishi au warithi wake, hata kama karatasi ni ya chuo. Uliza mapema. Kila picha, piga kwanza lebo ya boksi na jalada, vinginevyo utabaki na mamia ya kurasa zisizo na asili.

Nyumbani tuna daftari la bodi la zamani. Tulifanyeje?

Msilipige plastiki, msilizibe kwa selotepu, msichomoe pini zenye kutu kwa nguvu, na msitoe barua zilizopachikwa katikati ya kurasa, maana ukurasa zilipo ni sehemu ya ushahidi wake. Liwekeni likiwa limelala, mbali na jua, jiko na sakafu. Kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli, andikeni limefikaje kwenu: alikuwa nalo nani, tangu lini, kwa kazi gani. Kisha wasilianeni na hifadhi ya chuo chenyewe. Kama chuo hakipo tena, na hifadhi ya taifa. Mkilikabidhi, ombeni hati ya makabidhiano inayotaja idadi ya kurasa na masharti yenu, na msikubali kuondoka bila nakala iliyosainiwa.